Kupeleka mizigo mjini Mbeya bila kuunguza mafuta ya bure

Ukitaja usafirishaji wa mizigo unaojali mazingira, watu wengi akili inaruka moja kwa moja kwenye pikipiki ya umeme, na maongezi yanaishia hapohapo maana hela ya kuinunua hamna. Umeme tutaufikia ila mwishoni, kwa sababu sio pa kuanzia. Kasimame pale Mafiati jioni watu wakitoka kazini uangalie tu kinachopita: kirikuu, ile pikapu ndogo, inatoka Uyole bodi tupu, nyuma yake boda kabeba boksi moja la viatu anawahi Iyunga, nyuma yake boda mwingine na boksi la saizi ileile anawahi Iyunga hiyohiyo, afu Canter linatoa moshi mweusi mpaka wa nyuma anapandisha vioo, na katikati yao masemi ya Tunduma ambayo hayana pengine pa kupita. Safari nyingi kati ya hizo hata zisingekuwepo hamna mteja ambaye angekosa mzigo wake.

Kwa hiyo naandika kwa wenye maduka Mwanjelwa, Kabwe, Sido na Sokomatola, kwa wanaouza mtandaoni wakatuma, na kwa vijana wenye boda, guta la matairi matatu au kirikuu wanaoishi kwa kupeleka. Jaza chombo, unganisha safari, usirudi mtupu. Chombo kipya baadaye.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaanza: lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, dizeli kama kilo 2.7, haijalishi imeungulia kwenye gari ya mwaka gani. Maana yake huhitaji mtaalamu wala mashine ya kupimia, ukihesabu lita umeshahesabu hewa ya ukaa, na hela pia umeihesabu humohumo.

Daftari

Chukua daftari la kawaida, kila chombo kipe ukurasa wake. Kila safari andika kilomita za kuondoka na za kurudi, umebeba nini na vingapi, umerudi na nini, na oda ngapi zimerudi bila kupokelewa. Mafuta andika siku ya kujaza, na ujaze tanki mpaka juu, ukiweka ya elfu tano tano kila ukipita sheli hutakaa ujue umetumia lita ngapi. Zikipita wiki chache gawanya lita kwa idadi ya vifurushi au magunia yaliyomfikia mteja.

Hapo kwenye kugawanya ndo wengi wanapopotea. Dereva anakwambia bosi gari inakula vizuri, kilomita 12 kwa lita, sawa, lakini kama hizo kilomita alikuwa anazungusha boksi mbili siku nzima haisaidii kitu. Usigawanye kwa kilomita, gawanya kwa mzigo uliofika. Uliorudi stoo hauhesabiwi, na ukishaanza kuhesabu hivi utaona mwenyewe kwamba tatizo kubwa wala sio injini.

Chombo gani kwa mzigo gani

Tuseme una vifurushi kumi vidogo vya kwenda upande wa Uyole, kilomita 8 kwenda na 8 kurudi. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 au 150 ikiwa nzima inaenda kama kilomita 40 kwa lita, kirikuu tuipe 12. Ukimtuma boda na kifurushi kimoja kimoja kadiri oda zinavyoingia, hizo ni safari kumi, kilomita 160, lita 4. Ukipakia vyote kwenye kirikuu safari moja, ukaongeza kilomita kama 8 za kuzunguka mitaani, ni kilomita 24, lita 2. Nusu. Watu wengi wangeishia hapa wakasema nunua kirikuu.

Sasa mfungie huyohuyo boda boksi la maana nyuma abebe vinne kwa mpigo, safari tatu za kilomita 20 kila moja ukijumlisha mizunguko, jumla kilomita 60, lita 1.5. Boda mwenye boksi kaishinda kirikuu! Ila ukibadilisha mzigo ukaweka mafuta ya kupikia, unga na mabati, hesabu inageuka, boda habebi mabati labda awe anatafuta kulazwa, na kirikuu ikijaa bodi lita mbili zimegawanyika kwenye mamia ya kilo. Kwa hiyo hamna chombo bora cha jumla. Kuna chombo kilichojaa na kisichojaa, na vifurushi vyepesi vya kusambaa mitaani ni vya boda mwenye boksi, vizito vya njia moja ni vya kirikuu, na vya karibu sokoni ni vya guta au mkokoteni, hao nitawarudia kwa sababu watu wanawadharau bure.

Boksi lenyewe liwe la plastiki ngumu au bati jepesi, lifungwe kwenye keria kwa nati sio kwa mpira, na liwe chini kadiri inavyowezekana, la juu sana likipigwa upepo wa Uyole utaona pikipiki inavyoyumba. Boksi pia linakata hitaji la kuvalisha kila kitu nailoni wakati wa masika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na bado unakuta mtu anaitafuta kwa ajili ya mvua tu.

Kukusanya oda

Hapa ndo penye hela, na ndo pagumu, maana mteja wa Mbeya kazoea akituma meseji saa nne anataka mzigo saa nne na nusu. Sio kosa lake, sisi wauzaji ndo tumemzoesha kwa kushindana nani anafika haraka.

Weka saa za kuondoka kama basi. Kwa mfano oda zote zilizoingia kabla ya saa nne asubuhi zinaondoka saa tano, zilizoingia kabla ya saa nane mchana zinaondoka saa tisa, basi. Andika kwenye profaili yako ya WhatsApp na kwenye kibao cha duka. Anayetaka sa hivi hivi apate, lakini alipe bei ya safari nzima peke yake, na anayesubiri gari ya ratiba mkatie bei. Ukimwekea mtu machaguo mawili, la haraka elfu nne na la saa tisa elfu moja na mia tano, wengi wanasubiri wenyewe bila kulazimishwa. Hizo bei nimetoa mfano tu, za kwako zipange kwa mafuta. EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ndo siku nzuri ya kukaa na daftari uangalie nauli zako bado zinalipa au vipi.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi kwa sababu inataka kuaminiana: unganisha oda zako na za jirani. Duka lako la nguo na la jirani la vipodozi na yule wa vifaa vya simu ghorofani wote mna wateja Nzovwe na Iyunga, na kila mmoja ana boda wake. Watatu mkikubaliana boda mmoja wa asubuhi anachukua za wote za njia moja, mwingine za njia nyingine, mnalipa kwa kifurushi. Wasiwasi wa kila siku ni kwamba jirani atanijulia wateja wangu. Dawa yake ni kufunga kifurushi ukaandika alama na namba ya oda tu, jina na simu ya mteja anabaki nayo boda na wewe. Na muwe na mtu mmoja wa kupokea vyote sehemu moja lisaa limoja kabla ya kuondoka, hata kama ni kijana wa mmoja wenu mnamlipa kidogo kidogo, la sivyo boda atazunguka soko zima kukusanya na mtakuwa mmehamisha foleni tu kutoka barabarani kuileta ndani.

Alama

Kule Mumbai India kuna watu wanaitwa dabbawala, tangu 1890 wanabeba vyakula vya mchana kutoka majumbani kwenda maofisini kwa treni, baiskeli na mikokoteni. Chombo kimoja kinapita mikono ya watu kadhaa na kinarudishwa nyumbani siku hiyohiyo kikiwa tupu, na kazi hiyo ilijengwa bila kompyuta, kwenye mfuniko kuna rangi na herufi zinazoonyesha stesheni ya kushusha, jengo na ghorofa. Hata asiyejua kusoma vizuri anapanga.

Sisi tunaweza kabisa, ila Mbeya tuna shida yetu: mitaa na kata kibao zinaanza na I. Ilomba, Iyunga, Isanga, Iganzo, Itezi, Iwambi, Isyesye, Ilemi, Igawilo, Itende... ukiandika herufi ya kwanza pekee umeandika hewa. Anza na rangi ya uelekeo. Nyekundu iwe njia ya Uyole yote, bluu iwe ya Iyunga mpaka Mbalizi, kijani iwe ya kupanda mjini, Sokomatola, Isanga, Forest na huko juu. Ndani ya rangi ndo uweke namba ya kituo kwa mpangilio wa kufika, 1 wa kwanza kushushwa, 2 anayefuata. Tumia maki peni sio chaki, chaki ikinyeshewa imekwenda.

Ukishaweka namba upakiaji unajipanga wenyewe. Kijana anasimama bodini, mwingine chini anamrushia kwa kuita namba kutoka kubwa kwenda ndogo, tisa, nane, nane ya pili, saba, vya mwisho vinakaa kule mbele nyuma ya kibanda cha dereva na cha kwanza kinabaki mlangoni kabisa. Vizito chini, vizito katikati ya magurudumu, mayai na vioo mwenyewe unajua. Ukifika Sae hushushi bodi nzima barabarani kutafuta boksi la mama fulani huku injini inanguruma na daladala wanakupigia honi, unafungua unachukua kilichopo mbele yako unaondoka. Sio mbwembwe hiyo, kila dakika gari inaposimama injini ikiwa inawaka inakula mafuta bila kusogea, Canter ya dizeli inaweza kumaliza karibu lita moja kwa saa imesimama tu. Na najua Juni na Julai baridi ya huku dereva anaiacha inguruma ili ipate moto, lakini injini inapata moto haraka zaidi ikitembea taratibu kuliko ikisimama.

Mzigo kufika mara moja

Safari inayouma kuliko zote ni ile ya kufika na kukuta mteja hapokei simu, boda anakaa chini ya mti, anarudi, kesho anaenda tena. Kilomita zimekuwa mara mbili kwa mzigo uleule.

Piga simu kabla chombo hakijaondoka, sio kikiwa njiani, asiyepokea mzigo wake unabaki stoo mpaka saa ya ratiba inayofuata. Chukua hela mapema kwa lipa namba, hata nusu, anayelipa anakuwepo. Omba lokesheni ya WhatsApp lakini usiitegemee peke yake maana mtu anaituma akiwa kazini kwake. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba mlangoni na barabara za mitaa zina vibao, na kuna programu ya NaPA unayoweza kutafutia, kwa hiyo muulize mteja namba ya nyumba na jina la barabara. Wengi watakwambia hawaijui, mwambie atoke nje asome getini. Ukishaipata iandike kwenye daftari, mteja huyo hutamuuliza tena.

Na kwa wale ambao hawakai nyumbani mchana, panga na duka la mtaa au wakala wa pesa awe sehemu ya kuachia. Unamlipa kidogo kwa kila kifurushi, yeye anapata watu wanaoingia dukani kwake, wewe unashusha vifurushi sita sehemu moja badala ya kugonga mageti sita kwenye matope ya Isyesye mwezi wa tatu. Mwandikishe kwenye karatasi amepokea vingapi na mteja asaini akichukua, maneno ya nilikupa hukunipa yanaua huu mpango haraka sana.

Kurudi na mzigo

Nani yuko kule unakokwenda na anataka kuleta kitu huku? Kwa njia ya Uyole na Igawilo hili ni rahisi kuliko sehemu nyingi Tanzania, kwa sababu viazi, ndizi za Rungwe, maparachichi na mboga vyote vinapitia huko kuja masoko ya Soweto na Mwanjelwa. Kirikuu iliyopeleka sukari na sabuni kwenye maduka ya Igawilo irudi na ndizi. Zungumza na mama mmoja au wawili wa sokoni ambao kila siku wanakodi gari yao, uwape bei ya chini kuliko wanayolipa, maana wewe gari ilikuwa inarudi hivyohivyo. Ukikosa mazao kuna kreti tupu za soda, mitungi ya gesi iliyoisha, maboksi ya kuuza kwa wanaokusanya. Soda ndo wametuzidi akili zamani, gari yao ikishusha kreti iliyojaa inaondoka na tupu.

Angalia tu usichanganye vitu vya kuchafuana, mitungi na vyakula havikai bodi moja, na bodi ioshwe.

Gunia nalo lina lake. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inaendelea kwa sababu mnunuzi anaona kapata nyongeza. Kwa msafirishaji ni hasara tupu: spring zinalala, tairi linakanyaga kwa mbavu, injini inapanda kwa gia ya kwanza, na nauli umelipwa kwa gunia sio kwa kilo. Kataa, au toza kwa kilo, mizani ya kuning'iniza sio ghali. Na viazi vilivyosagika chini ya lumbesa vimesafirishwa ili vitupwe, mafuta yote yameenda kwenye takataka, ndo maana nyanya pia nashauri kreti za plastiki badala ya matenga kwa anayeweza.

Njia

Kampuni ya UPS ya Marekani inajulikana kwa kuwapangia madereva njia zinazokwepa kona za kukata barabara, kwao ni kona ya kushoto kwa sababu wanaendesha kulia, na sababu ni kwamba gari ikisubiri kukatisha inaunguza mafuta na ndo inapogongwa. Huku tunaendesha kushoto kwa hiyo kona ya kuiogopa ni ya kulia. Kwenye hii barabara kuu ya TANZAM, yenye masemi yasiyosimama hovyo, kukata kulia saa ya foleni unaweza kukaa mpaka ukachoka. Pangilia hivi: ukiwa unaenda Uyole gawa mitaa ya mkono wa kushoto tu, nenda mpaka mwisho ugeuze sehemu salama, na ukirudi gawa mitaa ya upande wa pili ambayo sasa nayo imekuwa mkono wako wa kushoto. Namba za kwenye maboksi ziandikwe kwa mpangilio huo. Na kwa kuwa kuna ujenzi wa njia nne, kona iliyokuwepo mwezi uliopita unaweza kukuta imezibwa, muulize boda wa kijiwe cha hapo kabla hujapanga ruti.

Mzigo wa madukani upeleke mapema sana asubuhi kabla ya watoto wa shule na daladala, mwenye duka akikubali kufungua saa kumi na mbili. Asubuhi ya huku ni baridi, na hiyo baridi ni friji ya bure kwa maziwa, nyama na mboga.

Mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi usishuke kwa nyutro. Madereva wanadhani wanabana mafuta. Gari za injini ya EFI, zile zinazopimiwa mafuta na kompyuta, ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umetoa kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, lakini ukiweka nyutro injini inabidi ilishwe ili isizime, kwa hiyo unakula mafuta na breki zinapata moto juu yake. Na pale ajali za mizigo tumeshaziona za kutosha.

Gereji, kwa ufupi

Upepo wa tairi upimwe asubuhi likiwa la baridi, kila wiki, kwa kiwango kilichoandikwa mlangoni mwa gari au kwenye kitabu sio kwa kupiga teke. Cheni ya pikipiki ikazwe na ipakwe oili. Moshi mweusi wa dizeli mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizochoka au mzigo uliozidi, na huo moshi ni mafuta uliyonunua yakaondoka hayajaungua vizuri, ni masizi yanayoingia kwenye mapafu ya mama anayeuza mahindi ya kuchoma pembeni.

La hapa kwetu zaidi: Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa Dar ikifika huku inapata mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, inakula na haivuti. Mwambie fundi aangalie rangi ya plagi, ikiwa nyeusi kavu kama masizi ya chungu arekebishe kabureta, hata jeti ndogo zaidi akiwa nayo. Kazi ndogo hiyo na madereva wengi hawaijui.

Guta na mkokoteni

Kwenye kilomita ile ya mwisho ndani ya soko, kutoka gari linaposhushia mpaka kwenye kizimba, hamna kinachomshinda mtu wa mkokoteni. Hatumii mafuta, hazibi njia, anapita uchochoro ambao Canter ikiingia inachukua nusu saa kutoka. Shida ni kwamba tunamlipa kwa kubembelezana na tunamwachia barabara kuu agombane na semi. Mpe kazi ya kudumu, asubuhi mizigo ya maduka fulani kwa bei inayojulikana, afu gari kubwa liishie pembeni ya soko. Guta lake liwe na breki zinazoshika kweli, viakisi mwanga nyuma na pembeni, na lisipandishwe TANZAM giza likiingia. Kwa mteremko wa kutoka mjini kushuka Mafiati ukiwa na guta la saruji, wawe wawili, mmoja nyuma.

Wenye vyombo vya moto msisahau leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya kubeba mizigo, chombo kikikamatwa mzigo unahamishiwa kingine na safari zimekuwa mbili.

Anayeagiza kutoka Dar vitu vizito visivyo na haraka, saruji, mbolea, mabati, aulize pia behewa la TAZARA mpaka stesheni ya Iyunga kabla ya kukodi lori. Kwa kila tani treni inatumia mafuta machache sana kuliko lori. Ratiba ndo uiulize vizuri, na upange kirikuu za kutoka stesheni siku hiyohiyo, mzigo usikae.

Sasa umeme

Ukishafanya yote hayo na daftari linaonyesha boda wako anatembea mbali kila siku kwenye ruti zinazojulikana, hapo umeme unaanza kulipa. Pikipiki ya umeme inatumia kama uniti 3 mpaka 4 kwa kilomita 100, milima yetu na mzigo weka 5. Kwa uniti ya kama shilingi 356 hiyo haifiki 1,800. Kilomita 100 za petroli ni lita 2.5, tuseme lita moja ni shilingi 3,000, ni 7,500. Na umeme wa gridi yetu sehemu kubwa unatokana na maji na gesi, bwawa la Julius Nyerere peke yake limejengwa kwa megawati 2,115, kwa hiyo huhamishi tu moshi kutoka Mbeya kuupeleka kwingine.

Kinachokula faida ni betri. Za risasi ni bei rahisi lakini ukizimaliza kabisa kila siku hazifiki mbali, mwaka mmoja na kidogo unanunua nyingine, na hazipendi baridi. Lithiamu ni ghali mwanzo ila inadumu. Kwa guta la umeme pima na kilima: chombo na mzigo vikiwa jumla kilo 700, kupanda mita 100 kwenda juu kunameza karibu robo uniti nje ya ile ya kutembea kawaida. Mbalizi iko chini ya Mafiati kwa zaidi ya mita mia mbili, kwa hiyo kurudi umebeba ni nusu uniti na zaidi ya kupanda peke yake, wakati maguta mengi ya betri za risasi yana uniti mbili na nusu hivi jumla na hutakiwi kuzimaliza.

Usinunue kwa kujaribu kwenye uwanja wa muuzaji. Muulize betri ni aina gani na dhamana yake ni miezi mingapi kwa maandishi, spea ziko Mbeya au mpaka Dar, chaja inachukua saa ngapi, na umeme ukikatika usiku asubuhi unafanyaje. Afu mwombe mpakie magunia sita, mteremke nalo Mbalizi, mgeuze mpande nalo mpaka Iyunga yeye akiwa amekaa pembeni yako, na msome betri imebaki ngapi kabla hujatoa hela.